Ngao Niliyoishusha Ukutani

Zuhura mwanangu,

Umekwenda Mzinga kumuaga shangazi yako, na kwa kuwa namjua dada yangu, hatakuachilia mpaka ule mara mbili. Kwa hiyo nina muda. Mama yako yuko uani anapiga pasi magauni ambayo wewe utakwenda kuyasokota kwenye begi kama matambara. Mvua imekatika, mawingu yameshuka mpaka katikati ya mlima, na mimi nimekaa kwenye meza ya kulia chakula na daftari lako la zamani, lile ulilobakiza kurasa nyuma.

Habari za chandarua, za kuchemsha maji, za kutowaazima watu simu kwenye basi, mama yako amezimaliza. Sina la kuongeza. Na kazi yako sitakufundisha. Wewe ni afisa ugani mwenye barua ya ajira, unakwenda Tunduru kukaa na wakulima wa korosho, na mimi korosho ninayoijua ni ile iliyokwisha kaangwa.

Ninachotaka ni kulijibu swali lako upya, kwa sababu mara ya kwanza nililijibu kwa uongo.

Jumapili ulisimama sebuleni ukatazama ukuta, ukaniuliza, "Baba, ngao yako iko wapi? Nilitaka niipige picha niende nayo." Nikakwambia ilianguka, kioo kikavunjika, nimeipeleka kwa fundi. Ukasema, "Ah, pole baba," ukaingia jikoni. Ile pole yako naisikia mpaka leo. Ngao haikuanguka. Niliishusha mwenyewe kwa nyundo, wiki chache kabla hujarudi kutoka chuoni, nikaifunga kwenye gazeti, nikairudisha kwa walionipa. Haikuwa yangu.

Wewe unaikumbuka siku niliyopewa. Ulikuwa darasa la tano, umevaa gauni la njano alilokushonea mama yako, umekaa mstari wa pili na miguu haifiki chini. Klabu ya huduma kwa jamii ya hapa mjini, wale wafanyabiashara na madaktari na walimu wanaochangishana kuchimba visima na kununulia wodi mashuka, walikuwa na desturi ya kuwatuza kila mwaka wafanyakazi wanaojituma. Si wakubwa. Mfagizi, muuguzi, fundi, tarishi. Mwaka ule waliniita mimi, kwa sababu ya yale mafuriko. Uliporudi shule ukaandika insha, "Baba yangu aliyeokoa maji ya mji," mwalimu akakuagiza uisome mbele ya shule nzima. Ulikuja nayo nyumbani imegongwa muhuri wa nyota. Mama yako anayo mpaka leo.

Sasa nikueleze jinsi mambo yalivyokuwa.

Nilipohamia Morogoro kutoka Kondoa, nilikuwa fundi wa maji nisiyejua mto. Kwetu mto ni mchanga unaosubiri mvua. Nikapangiwa kusimamia vidakio vya upande wa Bigwa, yaani pale juu mlimani ambapo maji ya mto yanaingia kwenye bomba kuja mjini. Mlinzi wa kidakio kikubwa alikuwa Pius Kobelo. Umemwona mara nyingi, yule mzee mrefu mwenye koti la kijani. Alikuwa amenizidi miaka minane hivi, kwa hiyo nikawa namwamkia shikamoo ingawa mimi ndiye nilikuwa msimamizi wake, na yeye akawa ananiita mdogo wangu.

Kobelo ndiye aliyenifundisha kazi. Cheti ninacho mimi, lakini yeye alikuwa anaweka ncha ya fimbo kwenye bomba, ncha nyingine sikioni, anatulia kidogo, halafu anasema, "Mdogo wangu, kuna majani yamekwama kwenye kona ya tatu." Tunakwenda kona ya tatu, tunafungua, majani haya hapa. Nilicheka mara ya kwanza. Mara ya pili nikaomba anifundishe. Ilinichukua mwaka mzima kutofautisha mlio wa majani na mlio wa mchanga.

Mwaka wa mafuriko, masika ilinyesha siku nne bila kupumua. Siku ya nne ilikuwa siku ya Kobelo ya mapumziko. Alikuwa shambani kwake, kwenye migomba, akaona mto umebadilika rangi, umekuwa kama chai ya maziwa, na akasikia mawe yanagongana chini ya maji. Akatupa jembe akapanda mlima. Alipofika kidakioni, wavu wa kuzuia takataka ulikuwa umeng'oka na magogo yanakuja. Kama tope lile na mawe yale yangeingia kwenye bomba kuu, mji ungekaa bila maji wiki nyingi, pamoja na hospitali. Ilibidi valvu ifungwe. Gurudumu la valvu lilikuwa limeshika kutu, nami nilikuwa nimeahidi kulishughulikia tangu kiangazi. Aliling'ang'ania kwa mtaimbo, maji yakiwa kiunoni. Mtaimbo uliteleza ukambana mkono, kidole cha pete kikavunjika. Akafunga valvu. Halafu akakaa pale juu siku mbili, peke yake, akila ndizi mbichi za kuchoma, akiondoa magogo moja moja, mpaka mto ulipotulia, akafungua maji polepole ili bomba lisipasuke.

Mimi wakati huo nilikuwa ofisini mjini. Barabara ya mlimani ilikuwa imekatika. Nilifika siku ya tatu baada ya valvu kufungwa, nikiwa na viatu safi. Nikamkuta amekaa juu ya jiwe, kidole kimefungwa kwa kamba ya mgomba. Akasema, "Mdogo wangu, umechelewa, kazi imekwisha." Tukacheka wote wawili.

Nilirudi ofisini kuandika ripoti. Nikaandika hivi: "Tulifunga valvu kuu, tukaondoa magogo, tukarudisha maji kwa awamu."

Itazame hiyo "tu". Mwanangu, lugha yetu ina vyumba vingi vya kujifichia, na hicho ni kimojawapo. Sikuandika "nilifunga," kwa hiyo niliweza kujiambia kwamba sikudanganya. Lakini sikuandika "Kobelo alifunga," na nilijua kwa nini. Nilikuwa nimepitwa na vyeo mara mbili. Kwetu Kondoa bibi yako alikuwa anasimulia watoto wa wenzake wamekuwa nani na nani, akifika kwangu anasema, "Rama yuko huko, anahangaika na mabomba." Na kulikuwa na lile gurudumu lenye kutu. Ripoti yenye jina la Kobelo ingeuliza kwa nini mtu avunjike kidole akifunga valvu. Ripoti yenye "tu" haikuuliza kitu.

Klabu waliposikia habari za mafuriko, wakapiga simu ofisini kuuliza nani aliongoza kazi ile. Ofisi ikatazama ripoti, ikaona sahihi, ikasema Ramadhani. Barua ikaja. Nilikuwa na wiki tatu za kusahihisha. Kila asubuhi nilijiambia, leo. Halafu nikajiambia nitasema jukwaani, itapendeza zaidi, nitamwita Kobelo mbele ya watu tuipokee pamoja. Nakuapia nililiamini hilo mpaka ninaingia ukumbini.

Nikamwona. Amekaa nyuma kabisa na mkewe, Mama Anjela, na binti yao aliyekuwa sekondari. Kobelo amevaa shati jipya jeupe, bado lina mikunjo ya pakiti. Sikujua nani amemwalika. Baadaye ndipo nilipojua kwamba hakualikwa na mtu. Alisikia tu kwamba safari hii tuzo ni ya mafuriko.

Wakaniita. Wewe na mama yako mkaniona, mkapiga makofi mpaka watu wakawageukia. Nikapewa kipaza sauti. Nikasema, "Nawashukuru sana wafanyakazi wenzangu." Wenzangu! Nikashuka.

Sikulala kwa furaha wala kwa huzuni siku hiyo, nililala kama mtu aliyekunywa dawa. Asubuhi nikaipigilia ngao ukutani kwa sababu wewe ndiye uliyeshika misumari, ukinipa mmoja mmoja.

Kobelo hakuwahi kusema neno. Tulifanya kazi pamoja miaka kadhaa baada ya hapo na sikuwahi kumkuta amesinzia wala amechelewa. Kitu kimoja tu kilibadilika. Jumatatu ile nilipopanda mlimani nikamwamkia, akaitika, halafu akasema, "Karibu, mkuu." Tangu siku hiyo sikuwa mdogo wake tena.

Nilizoea. Hilo ndilo nataka ulijue kuliko yote, kwamba nilizoea. Nilidhani jambo kama hilo linamtafuna mtu kila siku. Hapana. Linakutafuna miezi michache, halafu linakuwa sehemu ya nyumba, kama mlango unaokwaruza sakafu. Unaunyanyua kidogo, unapita. Wageni walipoiuliza ngao, nilikuwa na maelezo yangu mafupi, na kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo nilivyojiona mwenyewe kwenye yale maji ya kiunoni. Kuna mwaka nilimsimulia mjomba wako mpaka nikahisi baridi miguuni. Mama yako alinitazama. Nadhani alijua. Sijapata ujasiri wa kumuuliza tangu lini.

Mwaka jana nilipostaafu, klabu wakaniita tena. Mwenyekiti sasa ni Mama Tesha, yule mwenye duka la dawa karibu na soko. Akaniambia, "Mzee Ramadhani, wewe ulishawahi kutuzwa, utusaidie kwenye kamati ya kuchagua." Ningekataaje? Kazi ya kamati ilikuwa kupokea majina kutoka mitaani na vijijini, halafu kwenda kumwona kila aliyetajwa mahali pake pa kazi. Nilifurahia kazi ile, sikufichi. Tulimkuta mama anayefagia stendi ambaye anajua majina ya makondakta wote na ya mama zao. Tulimkuta karani wa zahanati anayeandika kadi za kliniki kwa mwandiko mzuri hata ukatamani kuumwa. Mji huu, Zuhura, umeshikiliwa na watu ambao hukuwahi kuwageukia.

Siku moja tukapanda kwenye shule ya msingi moja huko juu, njia ya Kinole. Jina lililoletwa lilikuwa la mwalimu mkuu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele, kwa sababu ya bustani iliyowalisha watoto wa shule nzima mboga mwaka mzima. Tukaiona bustani. Sukuma wiki, karoti, vitunguu, matuta yamekingwa kwa mawe vizuri kwenye mteremko ambao mbuzi angeuogopa. Mama Tesha akaanza kumpongeza. Mwalimu mkuu hata hakumwacha amalize.

"Mmekosea mlango," akasema. "Bustani hii ni ya mpishi wetu, dada Tausi. Mimi kazi yangu ni kuila tu. Tausi! Njoo, wageni wako hawa."

Basi. Alisema hivyo kama mtu anayekuelekeza choo kilipo. Hakuvuta pumzi wala hakujiandaa. Mpishi akatoka jikoni anafuta mikono, macho mekundu kwa moshi, na mwalimu mkuu akasogea pembeni, akaenda kuwagombeza watoto waliokuwa wanachungulia.

Nilisimama kwenye yale matuta. Kumbe ni jepesi hivyo. Miaka kumi na mitatu nimebeba kitu ambacho yule mama amekitua kwa sentensi mbili.

Tulipokuwa tunashuka, Mama Tesha anaendesha, wajumbe wengine wamepanda gari la nyuma, nikamwambia. Nilimwambia yote, mpaka gurudumu la kutu. Hakupunguza mwendo, hakugeuka. Tulipofika lami akasema, "Miaka yote hii, Mzee Ramadhani."

"Miaka yote."

"Na yeye mwenyewe umeshamwambia?"

"Bado."

"Sasa mimi unanieleza ya nini? Mimi ni wa pili. Kaanze na wa kwanza."

Nilipanda kwa Kobelo Jumamosi iliyofuata, kwa miguu. Naye amestaafu, magoti yamechoka, anakaa pale juu ya Bigwa na mkewe. Nilimkuta barazani anabandua magome ya mdalasini, nyumba nzima inanukia. Kile kidole cha pete hakikunji mpaka leo, kimenyooka kama kinakuonyesha kitu. Nikamwamkia.

"Marahaba, mkuu. Karibu ukae."

Nilikuwa nimepanga hotuba njiani. Yote ikapotea. Nikasema, "Nimekuja kwa ajili ya ile tuzo."

Kisu chake kikasimama. Kabla hajajibu, sauti ya Mama Anjela ikatoka jikoni: "Haya, hatimaye."

Nikamweleza. Hapakuwa na la kumfahamisha, alikuwa analijua kuliko mimi, lakini nilisema hata hivyo, kwa kinywa changu, kwamba valvu aliifunga yeye, kwamba nilijua, kwamba niliandika vile kwa makusudi. Nikasema najua yeye si mtu wa kutaka sifa, ila haki ni haki.

Hapo ndipo aliponikatiza.

"Nani kakwambia sitaki sifa?"

Akaweka kisu chini.

"Watu wa mjini mnapenda kusema hivyo. Kobelo si mtu wa makuu. Kobelo haoni shida. Mimi nilitaka. Kwa nini nisitake? Nilivunjika kidole. Nilitaka niitwe jina, nisimame, watu wanione. Huyu hapa alininunulia shati."

Mama Anjela alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. "Shati jeupe," akasema. "Walipokutaja wewe, nikamwambia mume wangu, subiri, huenda ni wawili, watakutaja mwishoni. Tukakaa. Tukakaa mpaka watu wanakunja viti."

Nilitazama chini, kwenye yale magome.

"Hata hilo halikuwa kitu," Kobelo akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilikuwa nimemwambia Anjela. Siku zile alikuwa ananiona mimi ni mlinzi tu, mzee wa koti la kijani, anaona haya nikienda shuleni kwao. Nikamwambia, baba yako ndiye aliyefunga maji. Njoo uone watakavyoniita. Wakakuita wewe. Tukiwa njiani kurudi akaniuliza, 'Baba, kwa nini ulinidanganya?'"

Mwanangu, nimezika wazazi wawili na mdogo wako mmoja. Najua uzito wa maneno. Lakini hayo yalinikalia kifuani namna ambayo siwezi kukuandikia. Wakati wewe unanisomea insha yako, na mimi nakupapasa kichwa, mtoto mwingine, mlima uleule, alikuwa anajifunza kutomwamini baba yake. Nilichukua kitu kikubwa kuliko ngao, na nilikuwa sijui.

Nikamuuliza anataka nifanye nini. Nikasema ngao nitamletea.

"Ngao ile ina jina lako, nitaifanyia nini? Mpigie Anjela."

"Sasa hivi?"

"Simu si unayo?"

Anjela sasa ni mtu mzima, anafundisha Ifakara, ana watoto. Simu iliita muda mrefu, nikaomba isipokelewe, ikapokewa.

"Shikamoo," akasema, hajui ni nani.

"Marahaba. Mwanangu, mimi ni Ramadhani, niliyekuwa msimamizi wa baba yako kule kwenye maji. Nataka kukwambia kwamba mwaka ule wa mafuriko, aliyefunga valvu ni baba yako. Peke yake. Mimi sikuwepo. Baba yako hakukudanganya. Mimi ndiye niliyedanganya watu wote."

Nilisikia watoto wanapiga kelele upande wake, halafu mlango ukafungwa, kelele zikakoma.

"Yupo hapo?" akauliza.

"Yupo."

"Mpe simu."

Kobelo akaichukua simu, akanyanyuka kwa shida na yale magoti yake, akaenda nyuma ya nyumba kwenye migomba. Sijui waliongea nini. Walikaa mpaka salio langu likaisha, na Mama Anjela akaniletea chai ya mdalasini bila kunitazama. Niliinywa. Huko nyuma nilisikia Kobelo anacheka.

Kamati ilipokaa, wajumbe wawili hawakutaka. Walisema tutajiaibisha, watu watauliza tuliwatuza wangapi wengine kimakosa. Mama Tesha akawajibu kwamba klabu inayoogopa kusema tulikosea basi isitoe tuzo, itoe pipi. Jina la Kobelo likaingia, na la dada Tausi mpishi, na la yule mama wa stendi.

Sherehe ilifanyika ukumbi uleule, wewe ukiwa bado kwenye mitihani ya mwisho. Niliomba nisimame mimi kueleza, wakaniruhusu. Nilieleza kwa ufupi. Wachache walinong'ona, mzee mmoja aliyekuwa kazini nami akatoka nje na hajanisalimia mpaka leo. Nilistahili. Halafu wakamwita Pius Kobelo. Anjela alikuwa amekuja kutoka Ifakara na watoto wake wote, wamekaa mbele kabisa.

Ungemwona! Mshereheshaji alitegemea neno la shukrani la dakika moja. Kobelo akakamata kipaza sauti, akaanza, "Nilifunga mimi," halafu akaeleza jinsi valvu inavyofungwa. Yote. Unavyosimama, unavyoegemeza mtaimbo, unavyohesabu mizunguko, kwa nini usifungue kwa pupa. Mshereheshaji akasogea mara tatu kumwonyesha saa, Kobelo akamsukuma taratibu kwa kile kidole kisichokunja. Ukumbi ukavunjika mbavu, na yeye akaendelea. Wajukuu wake walipiga makofi kila alipovuta pumzi. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, na sijawahi kufurahi hivyo kwenye sherehe yoyote, hata ya harusi yangu, usimwambie mama yako.

Usidhani mambo yote yamerudi yalipokuwa. Bado ananiita mkuu. Nilimtembelea wiki iliyopita, tukaongea habari za bei ya mdalasini, tukacheka, na wakati wa kuaga akasema, "Haya, mkuu, salimia nyumbani." Kuna vitu ukivichukua kwa muda mrefu huwezi kuvirudisha vizima. Nimekubali. Nashukuru kwamba mlango wake naruhusiwa kuugonga.

Huko uendako utaandika ripoti nyingi, kazi yenu ni hiyo. Utakutana na mkulima asiyejua kusoma anayejua mkorosho wake kama Kobelo alivyojua bomba. Jina lake ni fupi, linaingia kwenye mstari bila shida. Na siku wewe umefanya jambo zuri na hawakukuita, uumie tu, usijilazimishe kuwa malaika. Kutaka kuonekana si dhambi. Mimi nilitaka kuonekana, na hapo sikukosea. Nilikosea nilipoona haitoshi kusubiri zamu yangu.

Na mimi pia nimekuwa na zamu, japo sikuijua. Miaka thelathini nilipanda mlima ule, na mji huu ulikunywa. Sikuwahi kuzuia mafuriko, lakini nilibadilisha viungo vya mabomba ambavyo hakuna atakayevikumbuka, na vinashika maji mpaka leo. Jana nilipita Bigwa nikasikia bomba moja la zamani linavuma vizuri, nikasimama kidogo kulisikiliza. Nimeridhika. Nimechelewa kuridhika, lakini nimeridhika.

Insha yako ile ilikuwa nzuri sana, na yote mle ni kweli isipokuwa mtu. Samahani, mwanangu. Nilikuacha umpende baba ambaye alikuwa Kobelo.

Nasikia geti. Unacheka na mama yako, unamwambia kwamba shangazi amekufungia vitumbua vya njiani. Nilikuwa nimekusudia kuisukumia barua hii chini ya nguo zako, uikute Tunduru, mwendo wa siku nzima kutoka hapa. Lakini huko ungeisoma mimi nimekaa salama Morogoro, na ungekunja uso bila mimi kuuona. Hapana. Ukishaoga na kula, nitakupa mkononi, uisome hapahapa mezani. Nitakaa kwenye kiti cha mbele yako nikusubiri umalize, na ukinyanyua macho utanikuta.

Baba yako,
Ramadhani